Uso Nyuma ya Chokaa

Meinir alikuwa anamimina chai alipoiona chokaa kwenye mkono wa shati la Ithel. Akasita, birika likabaki hewani.

Chokaa kwa Ithel Beynon haikuwa ajabu. Alikuwa fundi mawe wa ofisi ya mambo ya kale, na tangu baridi ianze kupungua alishinda kule juu kwenye gofu la ngome ya Dinhelyg akiziba nyufa za mnara, jioni akishuka mweupe mpaka kwenye kope. Lakini chokaa ya ngomeni ina rangi ya malai. Hii iliyogandia kwenye shati ilikuwa na ubuluu. Na bonde zima lilikuwa limebakiwa na chumba kimoja tu kinachopakwa chokaa iliyotiwa buluu ya kufulia na kukorogwa na mafuta ya kondoo ili unyevu usipenye. Chumba hicho ni cha maziwa, kiko nyuma ya jiko hilihili walimoketi, na Meinir mwenyewe ndiye aliyekipaka.

"Unamimina, au unasali kwanza?" Ithel aliuliza.

"Nilikuwa nakuangalia."

"Hilo silikatai."

Alisema hivyo akimkazia yale macho yake ya kijivu, macho ambayo kwa majuma mengi yalikuwa yakimfanya Meinir asahau alichofuata kabatini. Leo hakusahau kitu. Alimimina chai, akamsogezea mkate wa zabibu na siagi, akakaa.

"Leo umefanya kazi wapi?"

"Mnarani. Kutwa nzima."

"Hukushuka kabisa?"

"Nilishuka mchana kukutafuta, sikukuona. Nikajua uko zizini na kondoo wanaozaa. Nikarudi zangu."

"Ukarudi moja kwa moja."

"Mbona leo unanihoji kama askari, Meinir?"

Alicheka, lakini mkono ule aliushusha chini ya meza. Labda alikuwa anajikuna goti tu. Meinir aliuona ukiondoka.

Baba yake, Mzee Iorwerth, alikuwa kwenye kiti chake kando ya moto, amejifunika gazeti. Tangu Ithel aanze kuja, mzee huyu alikuwa na desturi ya kusoma gazeti kijana akiingia, na ukurasa ulikuwa uleule.

"Kijana," alisema kutoka nyuma ya gazeti, "mvua inakuja. Njia ya mlimani ina utelezi."

"Ahsante, Mzee. Namalizia chai."

"Chai haiishi ukiwa unaongea."

Meinir alimsindikiza Ithel mpaka mlangoni. Nje, manyunyu yalikuwa yameshaanza, na kondoo walikuwa wakilia kuita watoto wao.

"Jumapili, basi," Ithel alisema kwa sauti ya chini.

"Jumapili ni ya makaburi."

"Baada ya makaburi. Ulisema ukishamwekea mama yako maua, utanijibu."

Jumapili hiyo ilikuwa ya Maua, ile iliyo kabla ya Pasaka, siku ambayo kila nyumba bondeni hupanda makaburini na maji, brashi na maua ya manjano. Meinir alikuwa ameichagua mwenyewe. Alitaka kumwambia marehemu mama yake kwanza.

"Nilisema," alijibu.

"Niambie tu kama nianze kuogopa."

"Anza," alisema, akafunga mlango.

Ithel alidhani ni utani. Alisikika akipiga mluzi mpaka barabarani.

Mlango ulipofungwa tu, gazeti likashuka.

"Yule kijana anaangalia kuta," Mzee Iorwerth alisema. "Mimi nilipokuwa namtaka mama yako, sikujua hata kama nyumba yao ilikuwa na kuta."

"Ni fundi mawe, kaka," alisema shangazi Ceinwen, dada yake, aliyekuwa akisuuza vikombe. "Ungekaribisha daktari wa meno, angekutazama meno."

"Huyu anatazama na kupapasa. Juzi nimemkuta anapapasa kizingiti cha zizi kama anayenunua ng'ombe. Na wewe, Meinir, unamfungulia mlango kila jioni. Tunaye Lleucu mwingine humu ndani."

"Baba, usiniite hivyo."

"Ningekuita nani?"

Katika bonde lile hakuna tusi linalomuuma msichana kuliko hilo. Mtoto akisahau kufunga geti na kondoo wakatawanyika, wakubwa watasema, Lleucu amepita hapa. Wanasema hivyo tangu enzi za mtawala Rhirid, aliyeijenga ngome ya Dinhelyg juu ya jabali kwa mawe aliyoyachimba kwenye mlima uleule. Mfalme wa Waingereza alipokuja na jeshi, Rhirid alikuwa amejificha milimani na watu wake, na ndani ya ngome alibaki mkewe, Lleucu. Wakazingirwa majira yote ya baridi. Halafu asubuhi moja Lleucu akateremka ngazi, akafungua lango kwa mkono wake. Waingereza wakauvunja mnara kwa nyundo, na Rhirid hakurudi tena. Hayo ndiyo kila mtu anayoyajua. Kwa nini alifungua, hakuna aliyejisumbua kuuliza.

Mawe yaliyobomoka hayakukaa bure. Baba wa babu yake Meinir alishuka nayo kwa mkokoteni, akajenga zizi, akajenga jiko, akajenga chumba cha maziwa. Mengi yalikuwa mawe tu. Lakini moja, kwenye kona nyuma ya mlango wa chumba cha maziwa, lilikuwa na uso. Meinir hakuwahi kuuona. Alichofundishwa tangu udogo, kila msimu wa kupaka, ni kwamba kona ile hupakwa mara mbili.

"Ofisi ikijua," baba yake aliendelea, "watang'oa ukuta mzima. Na mimi mzee wa kanisa, ninayepitisha sahani ya sadaka. Watu watasema sahani iko mikononi mwa ukoo wa wezi."

"Hajasema chochote, baba."

"Ndiyo maana namwogopa."

Meinir alitaka kumtetea Ithel. Lakini macho yake yalikuwa yameona ule ubuluu.

Asubuhi, alipokwisha kuwanyonyesha chupa wanakondoo waliofiwa na mama zao, aliingia chumba cha maziwa na taa. Akaufunga mlango nyuma yake, akamulika kona.

Pale kwenye kona palikuwa na mkwaruzo mdogo, upana wa kidole gumba, na chini yake vumbi la buluu sakafuni. Aliyekwaruza alijaribu kulifagia kwa kiatu.

Lakini kilichomshtua Meinir kilikuwa kingine. Kuta nyingine zilikuwa nyoofu. Kona ile ilikuwa imevimba kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Vizazi na vizazi vya wanawake wa Cwm-isaf, shamba lao hili, walikuwa wameipaka mara mbili ili isionekane, mpaka imekuwa kitu cha kwanza kuonekana na yeyote mwenye jicho la fundi. Hakuna mwizi aliyewahi kuweka alama nzuri kuliko ile juu ya alichoiba.

Alivaa koti na gambuti, akapanda mlima.

Ithel alikuwa peke yake kwenye mlango wa ukumbi wa zamani, amesimama juu ya jukwaa la mbao, mwiko mkononi. Juu ya mlango ule kulikuwa na tao, na upande wa kushoto wa tao kichwa cha jiwe cha mwanamume mwenye taji, kimeliwa na mvua lakini bado kina kiburi. Upande wa kulia kulikuwa na shimo. Ndege alikuwa amejenga humo.

"Shuka," Meinir alisema.

"Habari za asubuhi na wewe."

"Shuka, Ithel. Sitaki kukuuliza nikiwa nakutazama juu kama mhubiri kanisani."

Alishuka. Alipomwona usoni aliacha kutabasamu, akauweka mwiko juu ya ndoo.

"Ulikuwa unakwaruza nini kwenye chumba chetu cha maziwa?"

Ithel alijifuta mikono kwenye suruali.

"Ukuta," alisema.

"Jana uliniambia ulikuwa mnarani."

"Nilikudanganya."

"Kirahisi hivyo?"

"Hapana. Sijalala. Nilikuja kukutafuta kweli, sikukukuta, mlango ulikuwa wazi, nikaona ile kona. Nilikuwa nimeshaiona siku ya kwanza niliyokuja kuomba maji ya moto. Jana mkono ulinishinda."

"Siku ya kwanza." Meinir alirudia maneno hayo polepole. "Kwa hiyo ulirudi siku ya pili kwa ajili ya ukuta."

"Ndiyo."

"Na ya tatu?"

"Ya tatu nilirudi kwa ajili ya ukuta na kwa ajili yako."

"Nilikuwa wa pili kwenye foleni, nyuma ya jiwe."

"Meinir, ningeweza kukuambia uongo mtamu zaidi ya huo. Siku ya tatu ulikuwa umebeba mwanakondoo ndani ya koti lako, ukanigombeza kwa kuacha geti wazi. Nilishuka nyumbani sikumbuki ukuta, namkumbuka mwanakondoo alivyotoa kichwa kifuani kwako. Nikamwonea wivu."

Siku nyingine angecheka. Alikaza uso, ingawa masikio yalimpata moto.

"Umeona nini pale kwenye kona?"

"Ukingo wa mtandio. Wanawake wa zamani walijifunga hivyo." Alionyesha shimo lililo juu ya mlango. "Ni mwenzake huyu. Wote wawili walichongwa walipooana. Huyu ni Rhirid. Yule wa kwenu ni Lleucu."

Meinir aliegemea ukuta. Kumbe jina alilotukaniwa tangu utoto lilikuwa limelala nyuma ya mlango wao, na yeye ndiye aliyekuwa akilipaka chokaa.

"Umemwambia nani?"

"Bado sijamwambia mtu."

"Bado."

"Ndiyo, bado. Mkuu wangu anakuja Jumatatu kukagua kazi. Ataniuliza kama lile jiwe la kulia limewahi kuonekana. Huwa anauliza."

Meinir alimsogelea mpaka akasikia harufu ya mvua kwenye koti lake. Alimtazama machoni, na sauti yake ikawa laini, laini kuliko alivyokusudia.

"Nyamaza," alisema. "Mwambie hujaliona. Ukininyamazia hili, hutasubiri Jumapili. Nakujibu sasa hivi, na jibu ni ndiyo."

Ithel alifumba macho. Mkono wake ulinyanyuka kana kwamba utamgusa shavu, ukaishia njiani, ukarudi.

"Na nisiponyamaza?"

"Usikanyage kwetu."

Upepo ulipita kwenye shimo la ndege. Alikawia sana, mpaka Meinir akaanza kujichukia kwa alichokisema, na kumchukia yeye kwa kukawia.

"Siwezi," Ithel alisema. "Nakupenda, na siwezi. Akiniuliza nitamwambia. Lakini sitakwenda nyuma ya mgongo wenu. Nitakuja Jumamosi kwa baba yako nimwambie usoni kwanza."

"Baba atakufungulia mbwa."

"Mbwa wenu ananijua."

"Basi nitafuga mwingine," Meinir alisema, akageuka.

Alishuka mlima anatembea kama anayefukuzwa. Alijiambia kwamba sasa amejua, kwamba baba alisema kweli, kwamba mwanamume amempima yeye na jiwe, na jiwe limeshinda. Alijiambia hivyo mpaka kwenye geti la kwanza. Kwenye geti la pili wazo jingine lilimwingia, hakulitaka: angenijibu ndiyo, ningefanya nini? Ningemchukua nyumbani mwanamume aliyekubali kumdanganya mkuu wake kwa ajili ya ndiyo yangu. Na kila ambapo angerudi amechelewa ningekuwa namtazama mkono wa shati. Halafu akajishuku na wazo lenyewe. Labda Ithel alijua kwamba anapimwa, akachagua jibu la mtu mwema. Watu wa namna hiyo wapo.

Zizini alimkuta shangazi Ceinwen amepiga magoti kwenye majani makavu, mkono ndani ya kondoo mpaka kwenye kiwiko.

"Nishikie kichwa chake," shangazi alisema. "Na uniambie nani kakuharibia sura."

Meinir alishika kichwa cha kondoo, akamwambia yote. Shangazi alisikiliza bila kuacha kazi, mpaka mtoto akatoka, mweusi miguuni, akapiga chafya.

"Alisema hapana?"

"Alisema hapana."

"Akiwa na uso gani?"

Meinir alifikiri. "Kama mtu anayemeza dawa chungu."

"Hm." Shangazi alimfuta mtoto pua kwa majani. "Marehemu mume wangu hakuwahi kuniambia hapana maisha yake yote. Kila nililouliza, ndiyo, Ceinwen. Ndiyo, kipenzi. Nilikuja kumjua siku ya mazishi yake, kwa wanawake waliokuja."

Meinir hakujua kama acheke. Shangazi hakucheka.

"Na kuhusu yule aliye ukutani," shangazi aliendelea, "baba yako anadhani tunaficha wizi. Aliambiwa hivyo na wanaume wenzake. Mimi niliambiwa na bibi yangu. Watu wa bonde wenyewe ndio waliomng'oa Lleucu juu ya mlango, wakamviringisha bondeni, na kila aliyepita akamtemea mate. Babu alipokuwa anajenga, alitaka kumpasua awe kokoto. Bibi akamkatalia. Akasema kisima cha ngomeni kilikuwa kimeoza, watoto walikuwa wanakufa kiu, na mwanamke mwenye watoto angefungua lango mara mia. Wakamweka ukutani. Bibi akampaka chokaa ili wanaokuja kuchukua maziwa wasimtemee mate."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungemwambia baba yako, naye angemtia nyundo. Anaogopa wenzake wa kanisani kuliko Mungu mwenyewe. Na mimi nimezoea kupaka. Mtu anazoea."

Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, Meinir alichukua tindo na nyundo ndogo, akaingia chumba cha maziwa, akaacha mlango wazi. Alianza kwenye ule mkwaruzo. Chokaa ilitoka kwa magamba, buluu, nyeupe, buluu, nyeupe, mikono ya wanawake wote waliomtangulia. Alikuwa amefika kwenye paji la uso baba yake alipotokea.

"Meinir. Unafanya nini?"

"Natoa chokaa, baba."

"Weka hiyo nyundo chini."

"Sitaiweka."

"Amekutuma yule kijana."

"Yule kijana nilimwomba adanganye kwa ajili yetu, akakataa. Nilimwambia nitaolewa naye akidanganya. Akakataa."

Mzee Iorwerth alishika fremu ya mlango. Neno alilokuwa amelitayarisha halikufaa tena.

"Ulimwambia hivyo?" aliuliza hatimaye. "Na akakukataa wewe?"

"Akakataa."

"Mpumbavu," mzee alisema, lakini kwa sauti ya mtu anayehesabu upya.

Meinir aliendelea. Nyusi zikatoka, macho, pua iliyovunjika ncha, halafu mdomo. Shangazi Ceinwen alikuja akasimama nyuma ya kaka yake, mikono imekunjwa ndani ya aproni. Maisha yao yote walikuwa wamefikiria uso wa msaliti, wenye hila, wenye haya. Huyu alikuwa msichana mwenye mashavu ya mviringo, amezuia kicheko, kama mtu aliyeambiwa atulie achongwe na mumewe anamchekesha kutoka upande wa pili wa mlango.

"Ni mtoto tu," Mzee Iorwerth alisema.

Mbwa alibweka mara moja uani, akanyamaza. Ithel alikuwa amesimama nje ya kizingiti, kofia mkononi, amevaa shati safi. Hakukanyaga ndani. Alimtazama Meinir aliyejaa vumbi la buluu mpaka kwenye nywele, akatazama uso ulio ukutani, na hotuba aliyoitunga njiani ikampotea.

"Mzee Iorwerth," alianza, "nimekuja kukuambia kwamba Jumatatu…"

"Najua ya Jumatatu," mzee alisema. "Hawatakuja kwangu kubomoa. Mwambie mkuu wako watu wa Cwm-isaf wamemleta wenyewe. Tutampandisha ngomeni sisi, na mchana, si kwa kujificha." Akasita. "Ila tumfunike gunia tukipita kwa majirani, kina Prytherch. Sitaki maswali yao kabla ya ibada."

"Kaka," alisema shangazi.

"Gunia safi," mzee alisema.

Alitoka kwenda kulitafuta, na shangazi akamfuata, akisema ati mzee hajui magunia safi yanakokaa. Wakabaki wawili na jiwe.

Meinir aliingiza tindo kwenye ufa wa mwisho. Jiwe likalegea, likaanza kuinama kwa uzito wake, naye akalikinga kwa bega.

"Ithel."

"Uliniambia nisikanyage kwenu."

"Ingia. Shika upande wa chini, litanivunja."

Aliingia kwa hatua moja. Walilipokea pamoja, vifua vyao viko pande mbili za ule uso unaocheka, vidole vya Ithel vimekutana na vya Meinir chini ya kidevu cha jiwe, na hakuna aliyeweza kuvitoa bila kuliangusha.

"Hili si jibu la Jumapili," Meinir alisema, akihema.

"Sijauliza."

"Ulivyonidanganya kuhusu mnara sijasahau. Nitakuwa nakuangalia."

"Niangalie."

"Sitaacha hata ukizeeka. Hata ukienda kuchota maji tu, nitataka kujua umepitia wapi."

Ithel alimtazama juu ya kichwa cha Lleucu, macho yamejaa maji, na hakuwa na mkono wa kuyafuta.

"Meinir," alisema, "hilo ndilo jibu, au bado?"

"Linyanyue upande wako," alisema. "Ndilo."